Usiguse

Asubuhi ya Februari, Kaunas. Theluji ya jana
imekuwa tope kwenye Barabara ya Savanorių,
na ofisini Daiva Gudelienė amewekewa dodoso:
vipengele themanini vya lugha ya mitindo,
lugha ileile aliyojifunza angali msichana,
ilipoenea kwenye karatasi mbili
na aliyejua rangi na ukubwa wa herufi
akaitwa fundi.

Sijawahi kusikia.
Sijawahi kusikia.
Nimesikia (kwa Ignas, mdomo umejaa mkate).
Sijawahi kusikia.

Zamani kurasa zilisimama kwa majedwali,
jedwali ndani ya jedwali ndani ya jedwali,
na pengo likikataa kutulia
walilichomeka picha ya nukta moja isiyo na rangi,
kama avaaye kiatu kikubwa
akakunja gazeti na kulisokomeza kwenye ncha.

Miaka ikapita wakitafuta namna
ya kuweka kisanduku katikati.
Katikati tu, si mwezini!
Kushoto kilikubali, kulia kilikubali,
katikati kikagoma.
Leo ni mstari mmoja.
Ignas hajui kwamba kuna watu walilia.

Lugha hii ina mirathi yake:
mtoto hurithi rangi ya mzazi, hurithi na herufi,
harithi mpaka wala unene wa ukuta.
Wawili wakigombea kitu, mwenye uzito hushinda;
wakilingana, hushinda aliyesema mwisho.
Palikuwa na neno la kupigia ukelele, *muhimu*,
hadi kila mstari ukawa muhimu
na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Kisha juzijuzi ikaja njia
ya kumtambua mzazi kwa mtoto aliye naye.
Daiva aliisoma ndani ya basi la nyaya
akapitiliza kituo chake:
kumbe hata mashine, mwisho wa yote,
hujifunza kumwita mama kwa jina la mwanawe.

Matokeo: Daiva, thelathini na nne.
Ignas, tisini na moja, na kikombe cha dhahabu
kikimwaga nyota kwenye skrini.

Saa tisa alasiri, simu kutoka duka la dawa, Alytus.
Kitufe cha kuagiza tena kimetoweka
kwa wateja wanaokuza maandishi.
Yaani wazee.
Yaani wenye kuhitaji dawa.
Ignas anajaribu tabaka, anajaribu gridi,
anaongeza sifa tatu mpya, nzuri kama vyombo vya wageni.
Kitufe hakirudi.

Daiva anavuta kiti. Anakuza herufi polepole,
asilimia mia na kumi, mia na ishirini,
kama daktari anayebonyeza tumbo:
hapa? na hapa?
Hapa.
Mstari wa elfu nne mia mbili na sita,
kimo kilichofungwa kwa pikseli arobaini,
kitakachozidi kifichwe.
Na juu yake, maoni:
*Usiguse. D. 2009.*

"D ni nani?" anauliza Ignas.

Mwaka ule mishahara ilikatwa,
mwanawe alikuwa na surua,
na kivinjari fulani, marehemu sasa,
kilikuwa hakijui kuhesabu upana.
Sababu ilikuwepo, tena nzuri.
Anaitafuta kichwani kama mtu apapasaye swichi
katika nyumba aliyokwisha kuiuza.

Anafuta.
Kitufe kinarudi. Ukurasa wa bei unateguka.
Alijua kitu kitateguka,
hakujua kipi.

Saa mbili usiku Ignas ameshaondoka,
bei zimekaa sawa, chai imepoa na utando juu.
Daiva anaandika: *Nimegusa. D.*
Anatia tarehe. Anasita.
Kisha anaeleza kwa nini, mistari mitano,
mirefu kuliko kanuni yenyewe,
kwa herufi za kawaida tu,
maana ndani ya maoni
hakuna mtindo unaofika.